Aliyeleta Habari ya Wambura

Jumatatu, 3 Juni

Maji yamekatika tena Makoko. Nimeoga kwa ndoo. Ofisini kwetu redioni, mtaa wa Mukendo hapa Musoma, nimesoma taarifa ya asubuhi, nimehariri habari ya dagaa walioadimika, nimefuta sentensi nyingi za kijana wetu wa Bunda ambaye kila tukio kwake ni "la kusikitisha".

Mhariri anataka makala ya mfululizo kuhusu vijiji vya ujamaa. Sauti za wazee, si za maofisa. Nimekubali bila furaha. Nimewahi kuifanya kazi hii. Wazee husema yaleyale: shamba la pamoja, duka la ushirika, mchakamchaka asubuhi. Wamesema mara nyingi hadi maneno yamekuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Nimepewa jina moja. Mzee Mafuru, yuko Bunda kwa mwanawe. Zamani aliishi kijiji kimoja nyuma ya Butiama. Akili inamtoka, nimeambiwa. Ya leo hana. Ya zamani anayo yote.

Jumatano, 5 Juni

Bunda kwa pikipiki. Vumbi hadi kwenye meno.

Nyumba iko kando ya barabara ya kuingia mjini. Mwanawe, Masatu, ni fundi wa kuchomelea mageti. Hakuwepo. Mkewe Veronika alinipokea, akanipa kiti cha plastiki uani. Mwanamke wa Kiriba, mcheshi, anaongea huku anafanya kazi. Mzee alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage.

Jua lilinipiga machoni. Nikageuza kiti, nikaipa nyumba mgongo, uso barabarani. Naandika jambo hili dogo kwa sababu ndilo lililoanzisha yaliyofuata.

Mzee aliacha maharage. Akainuka bila fimbo. Akaja kusimama ubavuni pangu. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa barabarani kama yangu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, iliyonyooka.

"Ndugu, hali ya kijiji ni shwari isipokuwa nyumba ya mwalimu. Mwalimu amesikiliza redio ya nje. Mkewe alikwenda kisimani, akarudi na ndoo tupu. Alisimama na mke wa karani. Waliponiona walinyamaza."

Veronika alicheka kutoka jikoni. "Taarifa ya habari hiyo! Usiogope, mwandishi. Anafanyaga hivyo akiona mgeni amekaa hapo. Hao anaowasema wote walishakufa."

Sikucheka. Nimesikiliza watu wengi wakikumbuka mambo. Anayekumbuka hutafuta, husita, hurudi nyuma. Mzee Mafuru hakusita popote. Hakuwa anakumbuka. Alikuwa anaripoti.

Alipomaliza alibaki amesimama. Alikuwa anasubiri kitu. Sikujua ni kitu gani. Mwishowe akarudi kwenye mkeka, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa.

Nilikuwa nimerekodi kwenye simu. Nimeisikiliza tena nyumbani. Mtu, mahali, tendo, aliyeshuhudia. Hakuna maoni. Ningependa kijana wetu wa Bunda aandike hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kijijini kwake kutafuta waliokaa naye. Nimeingia Makutano, nikakata kuelekea Butiama, kisha njia ya mawe hadi nyuma ya kilima. Waliobaki ni wachache. Nikaelekezwa kwa Bibi Perpetua, jirani wa Mafuru wa enzi zile.

Nilikwenda kuuliza habari za duka la ushirika. Nimerudi na nyingine.

Mume wake, Wambura, alitoweka miaka ya foleni za sabuni, enzi za kuwasaka walioficha bidhaa. Yeye alikuwa mtoni. Aliporudi, nyumba tupu. Baada ya muda habari ikaenea kijiji kizima: Wambura amevuka Sirari na mwanamke, yuko Kenya. Tangu siku hiyo Perpetua ni mke aliyeachwa. Msibani hakai na wajane. Kanisani hawezi kumwombea mumewe misa ya marehemu, maana nani kasema ni marehemu.

Ukoo wa Wambura una desturi. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, wanazika shina la mgomba mahali pake. Lakini hawaziki kwa kuhisi. Lazima aje mtu, asimame uani mbele ya ukoo, atamke kwa mdomo wake kwamba huyu amekufa. Habari ya msiba haipokelewi kama haina aliyeileta. Hakuja mtu.

Sasa Perpetua anaumwa kifua. Mke aliyeachwa hazikwi kwa mume. Akifa hivi alivyo, watamrudisha kwa kaka zake.

"Shamba hili nimelilima tangu nina meno yote," alisema. "Watoto wangu wawili wamelala pale nyuma ya zizi. Mimi nikalale kwa watu gani? Kaka zangu wenyewe wamekufa, nitakuta wajukuu wao wanauliza huyu bibi ni wa nani."

Kisha akanisukumia sahani. Ugali na sato. "Wewe si unatafutaga watu? Nitafutie huyo."

Nimemwambia siahidi. Huwa siahidi.

Jumanne, 11 Juni

Bunda tena. Safari hii nimekaa vile kwa makusudi. Mgongo nyumbani, uso barabarani.

Mzee alikuja mara moja. Akaripoti juu ya mkutano wa kijiji, nani alipiga makofi kwa kuchelewa. Nilimwacha amalize. Kisha nikasema jina: Wambura.

"Hiyo nilishaifikisha, Ndugu."

Akabaki amesimama, anasubiri kama siku ile. Ndipo nikaelewa. Taarifa haiishi kwa anayeitoa. Inaisha kwa anayeipokea. Alikuwa anasubiri agizo.

Nikampa. Nilisema, "Endelea kuangalia."

Uso wake ulitulia. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka akitembea kama kijana. Niliona nimefanya jambo la akili.

Alhamisi, 13 Juni

Veronika amenipa kipande kilichokuwa kinakosekana. Mzee hutajataja mtu mmoja anayemwita bwana shamba. Alikuja kijijini kukagua pamba. Alikaa uani kwa Mafuru, mgongo nyumbani, uso barabarani, ili aone nani anakuja. Pamba hakuigusa. Mafuru alisimama ubavuni na kusema. Hawakuruhusiwa kuandika chochote. Kila kitu kilikaa kichwani, na kichwa hicho ndicho sasa kinavuja.

Kwa hiyo mimi ni bwana shamba. Sawa. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi.

Leo alianza hivi: "Ndugu, mwandishi wa Musoma alikuwa kwa Perpetua siku ya Jumamosi. Alivua viatu mlangoni. Alikula ugali na sato. Kichwa cha samaki alikiacha."

Ni kweli nilivua viatu. Ni kweli kichwa nilikiacha, sili vichwa vya samaki. Sikumwambia mtu yeyote, na mzee huyu hatoki kwenye ua huu.

Nilimuuliza Veronika. Alishangaa ninavyoshangaa. "Si bodaboda wa Butiama? Wanasimamaga hapa kunywa maji. Baba anawauliza, za huko? Fulani yupo? Nani kaja kwake, kala nini? Wanamwambia. Nani atamnyima mzee maneno?"

Hakuna siri yoyote, basi. Watu wanapita, wanaulizwa kwa upole, wanajibu kwa heshima. Nadhani hata zamani ilikuwa hivyo. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumapili, 16 Juni

Sijatoka. Nimefua.

Nimegundua kwamba najua jirani wa nyumba ya bluu amerudi na nani jana, na kwamba walishuka kwenye gari mbali na geti. Sikuwa nikitazama mambo hayo. Nimekaa barazani kama kawaida, ila kiti nimekigeuza, uso barabarani.

Nimekigeuza tena.

Jumanne, 18 Juni

Ameisema.

Sikumuuliza. Alikuja, akasimama, akaanza. Naandika kama alivyosema, kutoka kwenye rekodi ya simu.

"Ndugu, kuhusu Wambura. Nilisema ana katoni za sabuni chini ya kitanda. Sikuziona. Nilisikia kwa mtu, nikasema nimeziona, kwa sababu mwezi ule sikuwa na kitu cha kukuletea. Mlikuja alasiri. Mkewe alikuwa mtoni. Wambura alikuwa amejifunga kanga ya mkewe, ya kijani yenye michoro ya korosho, maana shati lake lilikuwa limefuliwa, liko kwenye kamba. Hamkumruhusu kulivaa. Hakukuwa na sabuni. Mliondoka naye."

Lori lilipita. Akasubiri vumbi litulie, kisha akaendelea.

"Uliporudi ulisema amefia njiani, nisiseme kwa mtu. Uliniagiza niseme amevuka Sirari na mwanamke. Nimesema, Ndugu. Nimeanzia kilabuni, nikamalizia kanisani. Wameamini. Mkewe naye ameamini."

Kisha, kwa mara ya kwanza, alinigeukia. Macho yake yana ukungu. Akaniangalia usoni kwa muda.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeniagiza."

Nimehoji wauaji. Nimekaa na watu walioua ng'ombe na watu kwa panga lilelile. Sijawahi kutaka kuondoka mahali kama nilivyotaka leo. Alikuwa anasubiri. Ili aniache niende, nikasema tena: "Endelea kuangalia."

Jumatano, 19 Juni

Hesabu ya kazi. Chanzo kimoja. Mgonjwa wa akili. Hajui anazungumza na nani. Hakutoa ruhusa, na hawezi kuitoa. Anayeitwa bwana shamba hana jina. Haitangaziki.

Nimemwambia mhariri kwa simu kwamba nina kitu lakini sikitoi. Akasikia "nina kitu" tu. Anataka sauti. "Hiyo ni dhahabu, mzee mwenzangu! Tunaiweka na muziki wa chini kidogo." Nimekata simu.

Lakini si kila kisichotangazika ni uongo. Iko njia ya kukipima. Kanga.

Jumamosi, 22 Juni

Kwa Perpetua. Nimemuuliza swali moja bila kumpa chochote: siku ile mumewe aliondoka amevaa nini?

Alikohoa. Akasema hajawahi kumwambia mtu. Aliporudi kutoka mtoni, shati la Wambura lilikuwa kwenye kamba, bado bichi. Kanga yake haikuwepo. Kanga mpya, aliyoinunua baada ya mavuno. Habari ya mwanamke wa Kenya ilipofika, akaelewa kila kitu: mume kaacha shati kwa sababu huko ananunuliwa mengine, na kanga kaibeba zawadi. Aibu hiyo aliificha. Watu walipouliza alisema Wambura alivaa shati.

Rangi gani?

"Kijani. Ya korosho."

Basi nikamwambia. Kwanza hilo tu, kwamba alikuwa amejifunga kanga hiyo.

"Alikuwa ameivaa yeye?"

Ndiyo.

"Hakumpelekea mtu?"

Hapana.

Aliweka kiganja mdomoni na kukaa hivyo. Kuku walikuja hadi miguuni pake. Baadaye nikamwambia mengine, mpaka neno la mwisho. Hakulia. Alisema kuna baridi, ingawa hapakuwa na baridi. Aliniuliza nani kaniambia. Nimesema sitaji.

Akasema mashemeji zake watauliza hivyohivyo. Mdogo wa Wambura, Mzee Manyama, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hatapokea msiba usio na mwenyewe. Lazima mtu asimame.

Nilijua alichokuwa ananiomba. Nilipanda pikipiki kabla hajamaliza kuomba.

Jumatatu, 24 Juni

Simu mchana. Veronika. Sauti yake haikuwa ile.

Yuko Kiriba kwa wazazi wake. Juzi jioni, wakati wa chakula, mzee alisimama ubavuni pa Masatu na kutoa taarifa. Mke wa nyumba hii alisimama na muuza maziwa penye uzio. Walicheka. Alirudi bila maziwa. Masatu akaacha kula. Akamuuliza baba yake kwa nini anamwangalia mkwewe. Mzee akajibu: "Nimeagizwa."

Masatu hakumpiga. Alimwambia afunge nguo zake.

"Muuza maziwa hakuwa na chenji," Veronika alisema. "Ndicho tulichochekea. Baba miaka yote alikuwaga anasema ya marehemu tu. Tangu umekuja wewe, anasema ya walio hai. Sasa niambie, mwandishi. Nani alimwagiza?"

Nimesema: mimi.

Nilisikia mbuzi upande wa pili. "Basi nenda kamwachishe," akakata.

Jumanne, 25 Juni

Karakana ya Masatu iko nyuma ya soko. Alikuwa anachomelea. Hakuinua kinga ya uso. Niliongea na kioo cheusi.

Nilimwambia agizo lilikuwa langu, kwamba nilijifanya mtu ambaye siye ili nipate habari, na kwamba baba yake alitii tu. Akasema kwa ndani ya kinga: "Baba yangu hajawahi kusema uongo. Waulize Bunda nzima."

Sikubishana. Nikampa simu, nikamwekea sauti.

Alivua kinga kusikiliza. Ana uso wa baba yake. Alisikiliza sabuni ambazo hazikuonekana, alisikiliza shati kwenye kamba, alisikiliza "nimeanzia kilabuni, nikamalizia kanisani". Alirudisha nyuma, akasikiliza tena mahali pale pa sabuni. *Nilisikia kwa mtu, nikasema nimeziona.*

"Wambura ndiye mume wa Mama Perpetua?" aliuliza. "Alikuwaga anatuletea viazi. Nilikuwa mdogo. Baba alikuwa anakataa kuvila, sisi tunakula."

Kisha akasema nifute. Nilimweleza kwamba sina nakala nyingine ya sauti hiyo, kwamba huo ndio ushahidi pekee. Akasema anajua. Nimefuta mbele ya macho yake. Kama ningeandika habari za mtu mwingine aliyefanya hivyo ningemwita mjinga.

Tulikwenda pamoja nyumbani. Masatu alibaki mlangoni. Nikakaa kwenye kile kiti, mgongo nyumbani. Mzee akaja.

Sikumwacha aanze. Nikasema, "Ndugu Mafuru, kazi imekwisha. Hakuna tena mtu wa kuangaliwa."

Hakuondoka. Nilidhani hajasikia. Midomo yake ilikuwa inajaribu kitu.

"Na wale niliowasema?"

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote. Bwana shamba angekuwa na jibu la hilo, jibu baya, lakini angekuwa nalo. Mzee aliuliza mara ya pili, kwa sauti ileile isiyopanda.

Nikasema, "Nitaanza na Wambura."

Akafikiri. "Niruhusu nikae, Ndugu."

Akiripoti, hajawahi kukaa mbele yangu. Nadhani hajawahi kukaa mbele ya yule mwingine pia. Nikasema kaa. Akashuka taratibu hadi chini, kwenye vumbi, mkono mmoja kwenye mguu wa kiti changu. Masatu akaja kumwinua. Akakataa kuinuliwa.

Alhamisi, 27 Juni

Masatu amekwenda Kiriba. Amerudi na mkewe. Veronika ameweka sharti moja, nalo si kwa mumewe. Mimi nisikanyage tena pale.

Ni haki.

Mzee hajatoa taarifa tangu Jumanne, Masatu ameandika kwenye ujumbe. Bodaboda wakisimama anawapa maji, hawaulizi kitu. Lakini anakaa akitazama barabara, na mtu akipita, midomo inacheza.

Jumamosi, 29 Juni

Nimekwenda. Nilikuwa nimempelekea Perpetua neno kwamba nitasimama.

Uani kwa Perpetua kulikuwa na watu wa kutosha. Wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye majani upande wa jiko. Mzee Manyama ana koti la suti, kofia na kandambili. Alifungua kwa sala fupi, kisha akauliza kama desturi inavyotaka, akitazama watu wote ingawa alijua ni nani: "Ipo habari imefika hapa. Nani ameileta?"

Nilisimama.

Nimekaa nje ya habari zangu kwa muda wote niliofanya kazi hii. Ndiyo kanuni pekee niliyowahi kuwafundisha vijana. Anayesimulia hayumo. Nilisimama na sikujua mikono niiweke wapi.

Nikasema: Wambura wa ukoo huu hakuvuka Sirari. Hakukuwa na mwanamke. Alichukuliwa nyumbani kwake alasiri, mkewe akiwa mtoni, kwa neno ambalo halikuwa la kweli. Alikufa njiani. Mimi sikuwepo. Nimesikia kwa aliyekuwepo.

"Jina la huyo?" Manyama aliuliza.

Sitaji.

Manung'uniko. Kijana mmoja nyuma, mwenye kofia, akasema kwa sauti: "Mwandishi gani hana ushahidi? Hata sisi tunaandikaga hivyo Fesibuku!" Watu wakacheka. Nami ningecheka. Manyama hakucheka.

Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Aliyeleta habari anaibeba. Jina langu litatajwa pamoja na kifo hiki kila kitakapotajwa. Wambura akitokea kesho ana mvi na mke Mkenya, aibu itakuwa mlangoni kwangu. Mfupa ukipatikana mahali pengine na hadithi nyingine, watakuja kwangu. Nikifa, wataulizwa wanangu.

"Wewe hukuona," alisema. "Unaibeba?"

Nilipima. Mzee mmoja aliyechanganyikiwa. Kanga moja. Rekodi iliyofutwa. Ofisini ningemrudishia mwandishi yeyote karatasi yake.

Nikasema, "Naibeba."

Manyama alivua kofia. Wanaume wakavua. Ndipo Perpetua, aliyekuwa amekaa kimya kwenye majani, akapiga yowe. Nimesikia mayowe ya misiba mingi, ya jana na ya leo asubuhi. Hili la miaka yote hiyo halikuwa na tofauti. Wanawake waliitikia. Yule kijana mwenye kofia alikuwa analia waziwazi, sijui alikuwa na umri gani wa kumjua Wambura. Hakuwa amezaliwa.

Baadaye Perpetua aliniita pembeni. Sauti ilikuwa imemkauka. Nilidhani atauliza tena jina, na nilikuwa nimeandaa jibu. Akaniwahi.

"Usinitajie kamwe. Nikimjua nitaanza kumwangalia."

Jumapili, 30 Juni

Hakuna kazi. Nimesikiliza taarifa ya asubuhi kama msikilizaji. Makala ya vijiji nimeituma: shamba la pamoja, duka la ushirika, mchakamchaka. Mhariri ameridhika. Amesema ina utulivu.

Jumanne, 2 Julai

Wamezika.

Mgomba ulikatwa shambani kwa Perpetua, ukapimwa urefu wa mtu, ukavikwa shuka jeupe. Manyama alisisitiza urefu. Wambura alikuwa mrefu, alisema, msimpunguze. Katekista alisoma kwa haraka kidogo, kama mtu asiye na hakika kwamba anaruhusiwa. Kaburi limechimbwa nyuma ya zizi, karibu na yale mawili madogo, na pembeni wameacha nafasi. Hakuna aliyesema ya nani. Niliitwa kutupa udongo baada ya ndugu. Nimetupa.

Walipofika kwenye historia ya marehemu, msomaji alisema alizaliwa hapa, alioa, alipata watoto wawili ambao wametangulia, alikuwa hodari wa kulima viazi, aligawa. Kisha akaruka hadi amina. Watu walikuwa wanajua kilichorukwa.

Mchana wanawake wakamnyoa Perpetua, kiti kikiwa katikati ya ua, kama anyolewavyo mjane. Nywele zilikuwa chache na nyeupe, zikapeperuka hadi kwa mbuzi. Akina mama wajane walimzunguka, mmoja akamsogezea mkeka wao, akamwambia, "Karibu, dada." Alikaa katikati yao na miguu ameinyoosha.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, mkali kwa Julai. Aliomba kitambaa cha kichwa. Msichana akakimbia ndani kukileta. Alipokipokea alikikunja, akakiweka mapajani, akasema hapana, amwache hivyohivyo kwanza.

Nilipoondoka alikuwa bado hivyo, kichwa wazi, anasalimia kila anayeingia.